Nimeokota jiwe la kale shambani, kaka anataka tuliuze. Naomba ushauri

Kamwene wakuu. Nipo Iringa vijijini, upande wa barabara ya kwenda Mbeya, shamba letu halipo mbali na korongo la Isimila. Juzi baada ya mvua nilikuwa nazibua mfereji kando ya mahindi, jembe likagonga jiwe. Nikaliosha: limechongwa pande zote mbili, chini pana, juu limechongoka kama tone la maji. Makovu ya kumeguliwa yanaonekana moja moja, na ukilishika linakaa mkononi utadhani ulipimiwa wewe. Mwili ulinisisimka.

Isimila kumejaa mashoka ya mkono ya Zama za Mawe, yanayokadiriwa kuwa na miaka 260,000 hivi, na hili linafanana nayo kabisa.

Shida ni kaka. Kuna mtu kasema atalinunua, na kaka ameshapiga hesabu ya mbolea. Ni mkubwa wangu, namheshimu, ila moyo unakataa. Ninavyojua, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inamtaka aliyeokota atoe taarifa.

Nianzie wapi: kwa mtendaji wa kijiji, pale kituoni Isimila, au Makumbusho ya Iringa Boma mjini? Tutazuiwa kulima? Halafu nilikosea kuling'oa na kuliosha kabla ya kuuliza. Nimerudi nikachomeka kijiti pale lilipokuwa. Hicho kitawasaidia wataalamu?

Aliyewahi kupeleka kitu kama hiki anieleze ilikuwaje, nipate na maneno ya kumwambia kaka. Kwa sasa nimelifunga kwenye kanga ya mama, lipo chini ya kitanda.