Ukinunua tiketi yako mwenyewe, kwa mawakala wa safari unakuwa si mteja?

Wakuu, naandika nina hasira, mtanivumilia. Kama kuna mtu humu kalipia safari ya kundi kwenda Uturuki na kaambiwa "wewe nunua tu tiketi yako, kundi utalikuta Istanbul", asome huu uzi kabla hajamalizia hela iliyobaki.

Kundi lilikuwa linaondoka Dar Alhamisi, likizo yangu inaanza Ijumaa. Nikamwambia wakala (jina silitaji kwa sasa, bado tunavutana). Akasema hakuna shida dada, mengine tuachie sisi. Akatoa nauli kwenye bei, vingine vyote vikabaki vile vile. Ratiba ninayo hapa: kupokelewa uwanja wa ndege, hoteli, kifungua kinywa, basi, mwongozaji. Hayo ya kupokelewa kayakoleza wino kabisa.

Jumamosi asubuhi natua Istanbul, ule uwanja mpya uliochukua nafasi ya Atatürk mwaka 2019. Asiyeujua ajue tu kwamba hauko mjini, hadi Sultanahmet, mji wa kale wenye vivutio, ni kama kilomita 40. Unatoka na begi lako unakuta watu wamejipanga na vibao. Nimesoma vibao vyote, nikarudia tena. Warusi wamo, Wakorea wamo, Waarabu wamo, mimi simo. Laini ya bongo haishiki. Intaneti ya bure pale unaipata kwenye kimashine, unaskani pasipoti kinakupa msimbo wa saa moja. Saa nzima hiyo nikaimalizia kwa wakala, napiga WhatsApp haipokelewi, natuma ujumbe, tiki za bluu, kimya. Jibu lake nimelikuta jioni hotelini: "Dada kupokelewa ni kwa ndege ya kundi. Wewe si ulikuja kivyako? Ungechukua teksi."

Kivyangu? Ratiba kaniuzia nani? Hela ya "kupokelewa" imekwenda kwa nani?

Na hizo teksi anazozisema, pale zipo za njano, za feruzi na nyeusi, kila rangi na bei yake, na dereva anakusoma usoni kwamba ni mgeni. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kariakoo tuliyesimama naye foleni ya pasipoti, anafuata nguo za biashara Laleli, mtaa wa maduka ya nguo. Hata Kiingereza cha kuombea maji hana, ila kaniona nimesimama nimeduwaa akanishika mkono: "Twende mwanangu, teksi ya nini." Tukapanda basi la Havaist hadi Aksaray, akanionyesha hoteli yangu iko upande gani ndipo akaenda kwenye mambo yake. Mtu ambaye sijamlipa hata shilingi!

Hotelini, kindumbwendumbwe kingine. Jina lipo, ila mapokezi wanadai nyongeza kwa euro kwa sababu nalala peke yangu. Najua bei za makundi hupigwa kwa hesabu ya watu wawili chumba kimoja, na ndiyo maana niliuliza mapema. Meseji yake ninayo: "Tutakuunganisha na dada mwingine, nyongeza hutalipa." Kumbe kundi zima ni wanandoa na familia, huyo dada mwingine hayupo na hakuwahi kuwepo. Orodha anayo yeye, alijua. Nikalipa, ningelala wapi?

Kilichoniuma kuliko vyote ni grupu la WhatsApp. Walilifungua kwa orodha ya abiria wa ile ndege ya Alhamisi, kwa hiyo mimi simo. Mabadiliko yote yanatangazwa humo. Jumatatu nashuka saa tatu kamili kama ratiba inavyosema, basi limeondoka saa mbili. Mapokezi wananiangalia kwa huruma. Nikapanda tramu hadi Aya Sofya, ule msikiti wa kale maarufu, na kule tangu Januari 2024 mtalii wa nje analipa euro 25 na anapita ghorofani tu. Tiketi yangu anayo mwongozaji, mwongozaji namba yake iko kwenye grupu. Nikalipa tena. Kundi nikalikuta linatoka, mmama mmoja ananiuliza "ulilala?" Wanakundi wenyewe sina ugomvi nao, hawakujua lolote.

Na hata hao waliokuja na ndege ya kundi wamepigwa, sema hawajashtuka. Ratiba imeandika Kapalıçarşı, lile soko kubwa lenye paa, Jumapili. Jumapili linafungwa! Imeandika kasri la Topkapi Jumanne. Topkapi Jumanne hakufunguliwi, ni jambo linalojulikana, halihitaji hata kupiga simu. Mnadhani ni bahati mbaya? Mara zote mbili basi likageuza kwenda dukani. La kwanza la mazulia: mnakalishwa ukutani, mnaletewa chai ya tofaa, jamaa wanatupa mazulia sakafuni moja juu ya jingine mpaka vumbi linakuingia puani, hili sufu, hili hariri ya Hereke, vua viatu ukanyage usikie. Ukisimama unakalishwa. Mwongozaji yuko nje anavuta sigara anasubiri kamisheni yake. La pili la makoti ya ngozi, na maonyesho ya mavazi juu. Koti la ngozi la kuvaa Mwanza, jamani!

Nimerudi, nikadai vitu vitatu tu: hela ya kupokelewa, nyongeza ya chumba, na ile tiketi ya Aya Sofya. Jibu: "Tumekuelewa dada, tutakupa punguzo safari ijayo."

Sitaki safari ijayo. Risiti na meseji zote ninazo. Nataka kwenda FCC, Tume ya Ushindani, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, na nataka kumfikisha kwenye bodi ya leseni za utalii pia. Aliyewahi kudai wakala wa safari huko akalipwa, aniambie alianzia dirisha gani na kama kuna haja ya mwanasheria. Wa "ungeenda na kundi" naomba wapite kimya kimya.