Birika la chuma cha pua linaakisi chumba kizima: nifanyeje picha itoke safi?

Swali

Ndugu zangu, naomba msaada wenu. Nimepewa kazi ya kupiga picha za bidhaa: birika la chuma cha pua lenye tumbo la mviringo na saa ya mkononi yenye kioo bapa. Vikombe vya udongo vilivyokuwa katika kazi hiyohiyo vilitoka vizuri bila taabu, lakini birika limenishinda. Nikiwasha taa, upande mmoja unakuwa na doa jeupe linaloumiza macho na upande wa pili unabaki giza. Nikizima taa na kutegemea mwanga wa dirishani, katikati ya tumbo la birika naliona dirisha lote, meza, na mimi mwenyewe nimeinama na kamera. Niliongeza taa ya pili nikidhani mwanga haukutosha, nikapata madoa mawili badala ya moja. Nilitumia pia filta ya polaraiza, kwa sababu niliambiwa kwamba inaondoa mng'ao, lakini nimeizungusha duara zima na birika halikubadilika hata kidogo. Je, filta hii ni mbovu, au kuna jambo nisilolielewa?

Jibu la kwanza

Filta yako ni nzima. Nitaieleza baada ya jambo linalotangulia. Kikombe cha udongo hupokea mwanga na kuutawanya pande zote, ndiyo maana kukimulika kunatosha. Chuma kilichong'arishwa huurudisha mwanga kwa pembe ileile uliyoingilia, sawa na kioo cha kujitazamia, kwa hiyo picha ya birika hasa ni picha ya vitu vinavyolizunguka. Ulipoongeza taa ya pili, uliliongezea birika kitu cha pili cha kuakisi. Acha kulimulika birika, umulike kile linachokitazama.

Anza kwa kuifunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, kwa sababu kila unapoisogeza, vitu vinavyoakisiwa navyo hubadilika. Kisha tundika karatasi pana nyeupe inayopitisha mwanga, au shuka jeupe lisilo na mikunjo, karibu kabisa na birika lakini nje ya fremu, na uiweke taa nyuma yake. Ukiisogeza taa mbali na karatasi, mwanga utaenea sawasawa. Ukiikaribisha, katikati patang'aa zaidi na kingo zitafifia taratibu, na mimi napenda hali hiyo ya pili kwa vyombo vya mviringo. Chombo bapa huakisi eneo dogo tu la chumba, lakini tumbo la mviringo huakisi karibu kila kilicho mbele yake, hivyo utahitaji weupe kulia, kushoto na juu. Zima taa nyingine zote, na uangalie pia rangi ya nguo yako, kwani shati jekundu huonekana kwenye chuma hata ukiwa umesimama kando.

Sasa filta. Mwanga unaoakisiwa na kioo, maji au mbao zenye vanishi hupata upolarishaji, yaani mawimbi yake hutetema zaidi katika mwelekeo mmoja, na filta inaweza kuuzuia. Kwa kioo cha kawaida hali hiyo hufikia kilele pembe inapokuwa takriban digrii 56 kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso wake. Mwanga unaoakisiwa na chuma kitupu haupati upolarishaji wa kutosha, ndiyo maana umezungusha bure. Kwenye saa itakufaa, mradi uipige kwa mshazari. Ukiipiga uso kwa uso, haitasaidia.

Mwuliza swali

Nashukuru sana. Madoa yametoweka, lakini sasa birika linafanana na chombo cha plasta: weupe mtupu, umbo halisomeki, na katikati kumebaki kivuli kidogo cheusi cha kamera.

Jibu la pili

Umefika mahali pazuri, kwa sababu kinachokosekana sasa ni weusi. Jicho hukitambua chuma kwa jinsi nuru na giza vinavyokutana ghafla juu yake. Kata vipande viwili virefu na vyembamba vya kadibodi nyeusi, uvisimamishe kulia na kushoto mwa birika, nje kidogo ya fremu. Kila kimoja kitaakisiwa kama mstari wa giza kwenye ukingo wa tumbo, na umbo litajitokeza papo hapo. Visogeze kwa upana wa kidole huku ukitazama kioo cha kamera, wala usifanye haraka, kwa kuwa hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea.

Kuhusu kivuli cha kamera, rudi nyuma na utumie lenzi ndefu, kwa mfano ya milimita 100, kwani kadiri kamera inavyokuwa mbali ndivyo taswira yake inavyokuwa ndogo. Unaweza pia kupigia picha kupitia tundu lililokatwa kwenye karatasi nyeupe kwa ukubwa wa lenzi tu. Kitakachosalia kitafutika kwa urahisi wakati wa kuhariri. Fokasi uiweke kwa mkono kwenye mdomo wa birika au mahali penye mchoro, kwa sababu kamera ikiachiwa ichague yenyewe huweza kufokasi kwenye taswira ya chumba, ambayo haiko kwenye kina kimoja na uso wa chuma. Mimi hutumia f/11 (tundu la lenzi likiwa dogo), ISO 100 (wepesi mdogo wa kamera kuhisi mwanga), na kipima muda cha sekunde 2 ili mkono usiitikise kamera.

Jibu la tatu

Nakubaliana na waliotangulia, ila naongeza tahadhari: ukishauriwa kupulizia chombo dawa ya kufifisha mng'ao, kataa. Mnunuzi anataka kuuona mng'ao huo, na chombo cha chai hakistahili kupakwa dawa ya aina hiyo. Kifute kwa kitambaa laini na ukishike kwa glavu za pamba, kwa kuwa alama za vidole huonekana zaidi kwenye picha kuliko kwa macho.

Kwa saa, ilaze kwa mshazari, kisha shikilia kadibodi nyeusi mahali ambapo kioo chake kinatazama. Akisi itatoweka hata bila filta. Mishale iweke saa nne na dakika kumi, isizibe jina lililo juu ya uso wa saa.