Makumbusho ya reli Nairobi: tuanzie ndani kwa modeli ama nje kwa vichwa vya treni?

MamaWawiliNakuru:
Habarini wadau. Likizo hii naleta watoto Nairobi, mkubwa ana miaka 9 na kitu anapenda duniani ni treni, anachora treni mpaka nyuma ya daftari za hesabu. Mdogo yeye anataka tu kupanda juu ya kitu. Nasikia pale makumbusho ya reli karibu na stesheni kuu kuna vichwa vya zamani nje alafu ndani kuna modeli za treni na meli. Sasa mnaanzia wapi ndio mtoto asione tu vyuma vimepangwa kwa jua? Na kuna mtu amewahi kumtengenezea mtoto modeli ya treni za huku kwetu, manake za dukani zote ni za Ulaya na hazifanani na chochote mimi nimewahi kuona Nakuru stesheni. Asanteni.

Fayamani_Mstaafu:
Karibu sana mama. Mimi nasema anzia nje, na nje kwenyewe usizunguke zunguke, peleka kijana moja kwa moja kwa kichwa namba 5918, Mount Gelai. Hio ni Garratt, aina ya injini ya mvuke yenye sehemu mbili za magurudumu, ya klasi ya 59, ilitengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester 1955, na zilikuwa 34 kwa jumla, zote zimepewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Tani kama 252, hakuna injini ya mvuke ya reli ya upana wa mita moja iliyowahi kuizidi nguvu dunia nzima. Dadake 5930 Mount Shengena pia yuko hapo hapo, na ni hizo mbili tu zimebaki.

Sasa usimwambie mtoto "ona vile ni kubwa" alafu muende. Mwambie asimame ubavuni katikati aangalie chini ya boila, lile pipa la kuchemshia maji. Ataona boila haijakalia magurudumu kabisa, imening'inia kwa fremu yake katikati, mbele kuna seti moja ya magurudumu na silinda zake na tangi la maji juu, nyuma kuna seti nyingine na mafuta na maji mengine, na boila imeshikwa na pivoti mbili, yaani vyuma vya kuzungukia, moja mbele na moja nyuma. Yaani ni kama injini mbili zinabeba boila moja kwa machela. Ndio maana ilikuwa inapita zile kona za kutoka Mombasa kuja juu ikiwa na mzigo wa tani zaidi ya elfu moja, manake kila upande unajipinda kivyake, na uzito umegawanywa kwa magurudumu 28 reli isiumie. Akishaelewa hapo, zile zingine zote atazisoma mwenyewe. Na ile nafasi chini ya boila ikiwa wazi hivyo ndio iliruhusu sanduku la moto kuwa pana na refu vile, fayamani, mtu wa kuchochea moto, anajua maana yake.

Mdogo atapata pa kupanda, muangalie tu kwa ngazi, vyuma vya zamani vina makali na mchana vinachoma.

Wanjeri_K:
Mzee nakuheshimu lakini kwa mtoto wa 9 mimi ningeanzia ndani. Ile nyumba ni ndogo, dakika chache tu anaona modeli, picha za ujenzi, vyombo vya mezani vya mabehewa ya kulia, na kile kiti kilikuwa kinafungwa mbele kabisa ya injini wageni wakubwa kama Roosevelt wakae hapo 1909 waone wanyama. Akitoka nje tayari ana hadithi kichwani, chuma inakuwa na watu.

Alafu msikose behewa namba 12. Juni 1900, stesheni ya Kima, afisa wa polisi Charles Ryall na wenzake wawili, Huebner na Parenti, walilala humo wakimvizia simba aliyekuwa anakula watu. Ryall ndio alikuwa zamu akashikwa na usingizi. Behewa lilikuwa limeinama kidogo upande mmoja kwa siding, reli ya pembeni ya kuegesha, simba alipoingia uzito wake ukaliinamisha zaidi na mlango wa kuteleza ukajifunga nyuma yake. Akatoka na Ryall kwa dirisha. Ukisimama hapo ukaona vile chumba ni kidogo, watu watatu na simba, unaelewa kwa mwili. Kwa mdogo labda mpunguzie hio hadithi.

Singida_Dar:
Wakuu mimi niko Dar lakini nilipita hapo nikiwa safarini, nikakuta kichwa namba 3020 kimeandikwa Nyaturu! Mimi Mnyaturu wa Singida, nilisimama pale mpaka wenzangu wakaniita. Ni ya lile kundi lililopewa majina ya makabila. Watoto waelezwe kwamba makumbusho yale yalifunguliwa 1971 reli ikiwa bado ni ya nchi tatu, kwa hiyo ile ni historia yetu pia. Milima ya Gelai na Shengena yenyewe iko huku kwetu Tanzania.

ReliNdogo254:
Mama naomba nikujibu upande wa modeli manake hio ndio kazi yangu ya jioni. Skeli rahisi ni 1:87, yaani kila kipimo unakigawa kwa 87. Reli nyingi za modeli madukani zina upana wa milimita 16.5, hio ndio sawa na SGR, reli yetu mpya, ya upana wa milimita 1435. Reli ya zamani ni mita moja, ukigawa unapata 11.5, kwa hiyo unatafuta reli ya milimita 12. Mtoto akiweka hizo mbili kando kando anaona tofauti ya SGR na reli ya zamani bila maneno mengi.

Kwa kuanza usinunue kitu. Gelai ni karibu mita 32, kwa skeli hio inakuwa sentimita 36 na kitu, kadibodi ya katoni inatosha. Na nakubaliana na mzee, mpige picha za zile pivoti kutoka ubavuni na umuwekee rula kwa picha. Atengeneze vigari viwili vya magurudumu, kimoja mbele kimoja nyuma, alafu boila aishike juu yake kwa pini mbili tu, asigundishe. Akigundisha haitapita kona. Rangi ni maruni iliyokolea, na zile namba 5918 azichore kubwa. Ukirudi tuma picha hapa, na kama kuna swali la motor ya volti 12 uniulize.

MamaWawiliNakuru:
Mungu awabariki nyote. Basi tutaingia ndani kwanza kidogo, alafu Gelai ndio tutakaa nayo. Rula nimeshaweka kwa mkoba. @ReliNdogo254 hizo pini mbili ni za aina gani, zile za kushonea ama msumari mdogo?

ReliNdogo254:
Msumari mdogo wa nusu inchi, upitie juu kwa boila uingie kwa kizibo cha chupa kilichogundishwa kwa kigari. Usiukaze.