Malori ya mchanga yameingia mtaani kwetu Maweni na yanakimbia, tuanzie wapi?

Mama wa Maweni
Assalam aleikum nyote. Mimi nakaa Maweni hapa Malindi, njia yetu ni nyembamba na baraza za nyumba zinagusa njia kabisa, zamani ilikua inapita tuktuk, mkokoteni wa maji na watu kwa miguu basi. Sasa tangu yaanze majengo makubwa upande wa baharini, malori ya mchanga wa Sabaki na yale ya mawe ya timbo, yaani machimbo, yamefanya hapa ndio njia ya mkato. Alfajiri watu hawajatoka msikitini yashaanza kunguruma na yakirudi matupu ndio mbio zaidi. Juzi binti wa jirani alikua anatoka chuoni na juzuu yake kifuani, tipa likampitia karibu mpaka ushungi ukapeperuka, mtoto akarukia mtaroni. Alichubuka goti tu alhamdulillah, lakini mimi nilikua nimekaa barazani niliona kwa macho yangu na mpaka leo nikisikia lori nasimama. Ukuta wa jiko langu una ufa haukuweko. Ukimsimamisha dereva anakwambia ongea na bosi, na bosi hatumjui. Vijana wanasema wapange mawe njiani usiku, mimi nakataa lakini sina la kuwapa badala yake. Walioshinda jambo hili walianzaje?

Kijana wa Barani
Mama shikamoo. Tafadhali wazuie hao vijana. Sisi tulijenga tuta letu wenyewe kwa vifusi na udongo, halina rangi, halina kibao, taa za barabarani hakuna. Malori yalipunguza mwendo kweli, lakini haikufika wiki mbili bodaboda akalivaa usiku akavunjika mkono, na ni kijana wa mtaa huohuo. Tukalivunja kwa mikono yetu. Na mawe ndio mabaya zaidi, siku mgonjwa anakimbizwa hospitali gari litapita wapi?

Dereva wa zamani
Nimeendesha tipa miaka kumi na mbili kwahivo naongea ninachokijua. Dereva wa mchanga wengi hulipwa kwa tripu, sio kwa mwezi. Akipiga tripu tano anakula vizuri, akipiga tatu amelipia mafuta ya mtu. Ndo maana anakwepa mjini na ndo maana akiwa mtupu anakimbia, anawahi kwenda kupakia tena. Sisemi ana haki, nasema ukimtukana yeye hakuna kitabadilika kesho anakuja mwengine. Mtu mwenye nguvu hapo ni anaenunua mchanga. Fuateni lori moja mpaka linapomwaga, muulizeni foremani wa hio saiti, mwambieni kwa upole malori yenu yanapita mlangoni kwa watoto, tunaomba yapite barabara kubwa na yasianze kabla ya jua kutoka. Foremani akisema lori litakalopita mtaani halipokelewi getini, niamini hakuna dereva atapita.

Na kama kuna atakaesema kilomita 50 kwa saa sio mbio, hesabuni: ni karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akichomoka uchochoroni, kabla mguu wangu haujafika kwenye breki nishapita nyumba nzima. Na ukizidisha mwendo mara mbili, masafa ya breki yanakua mara nne, na hapo breki ni nzima, na gari nyingi za mchanga breki sio nzima.

Mwanabaraza
Dereva kasema kweli, lakini foremani anaondoka jengo likiisha, kwahivo fanyeni na ya kudumu. Kwanza jueni njia ni ya nani manake hapa ndo watu hupoteza mwaka mzima kuzungushwa ofisi kwa ofisi. Kuna mamlaka tatu za barabara za serikali kuu: barabara kuu ni za KeNHA, za miji nyingi ziko chini ya KURA, za vijijini KeRRA, na njia ndogo za mtaani mara nyingi ni za kaunti, kwa sababu Katiba ya 2010 imewapa kaunti barabara zao na mambo ya trafiki na maegesho. Ulizeni ofisi ya wodi, wakujibuni kwa maandishi.

Halafu andikeni ombi rasmi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kifungu cha 88 inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi, na cha 89 kinawalazimu kujibu. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Bila muhuri hamkupeleka kitu.

Ombeni vitu vinavyoshikika: matuta yaliopakwa rangi, kibao cha kukataza malori mazito, na nguzo mdomoni mwa njia zipunguze upana lakini ambulensi na gari la zimamoto yapite. Sheria ya Trafiki imeweka 50 kua mwisho ndani ya mji, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza 30 pale watu wa miguu wanapochanganyika na magari. Ombeni 30.

Mama wa Maweni
Mungu awalipe. Leo nimekaa na daftari tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka adhuhuri, malori 19, nimeandika namba za gari na saa. Jumamosi baada ya alasiri tunakutana kwa mzee wa mtaa, na ustadhi wa chuo amesema atakuja. Hio barua iandikwe kwa jina la nani?

Mwanabaraza
Wakazi wa mtaa. Chini kila mtu sahihi yake na namba ya kitambulisho, wenye maduka na ustadhi pia. Hilo daftari usiliache mkono, piga picha kila ukurasa uambatanishe.

Dereva wa zamani
Mama, nipe jina la hio saiti inboksi. Kama namjua foremani nitakwenda na nyinyi.