Tupeane uzoefu: Ndugu yenu alitubu akiwa kitandani. Mliobaki mlifanya nini na aliyoyaacha?

Mtembelea_Wagonjwa:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Na wasio wa upande wetu, habari za leo.

Niko kwenye kundi la kanisa letu la Anglikana linalotembelea wagonjwa hapa Dodoma mjini. Kuna swali ambalo ndugu wa mgonjwa hawaliulizi wakiwa kitandani kwake. Wananisindikiza mpaka nje, wanaangalia kama kuna anayesikia, ndipo wanasema: "Huyu mzee kanisani alifika siku ya kubatizwa tu. Amekunywa, amedhulumu watu, amempiga mama yetu miaka yote. Leo kasema Yesu nisamehe. Mungu anaipokea hiyo?"

Mimi naamini anaipokea. Yule mhalifu wa Luka 23 hakubatizwa, hakutoa zaka, hakupata nafasi ya kushuka msalabani akamwombe radhi aliyemwibia. Alisema tu "Ee Yesu, nikumbuke", na jibu lake likawa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi". Mathayo 20 nayo tunaielewa vizuri sisi wa huku. Aliyewahi kulima zabibu Hombolo au Mpunguzi analijua jua la saa saba mchana, na anaelewa kwa nini walioanza asubuhi walinung'unika kuona wa saa kumi na moja jioni wanalipwa dinari ile ile. Lakini mwenye shamba alilipa.

Kinachonisumbua ni upande wetu tuliobaki. Zakayo (Luka 19) alitubu akiwa mzima, akatoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuahidi kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya. Wazee wetu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda na kuenea Afrika Mashariki miaka ya 1930, nao ndivyo walivyofanya: wakishatubu mbele ya watu, wanakwenda kurudisha. Anayetubu kitandani hana miguu ya kwenda kurudisha. Anakufa amesamehewa, na aliyedhulumiwa bado anaishi nyumba ya tatu kutoka kwenu.

Kwetu ilikuwa hivi. Baba yangu mdogo alinunua mahindi vijijini huko wilaya ya Kongwa na kuyauza Kibaigwa. Debe lake la kununulia lilikuwa limegongwa kwa ndani mpaka likatanuka. Mkulima akijaza anajua ametoa debe moja, kumbe ametoa na zaidi. Alipokuwa hoi, kasisi alikuja akamsomea Yakobo 5, akampaka mafuta, akamwombea. Baba mdogo akakiri lile debe mbele yetu wote, akazitaja familia tatu ambazo zilikuwa zikimjia njaa inapokaza, naye akizipunja bila huruma. Alifariki wiki hiyo hiyo.

Kwenye kikao cha ukoo baada ya matanga, shangazi alisema Mungu ameshasamehe, nyie mnafukua nini? Mtoto mkubwa wa baba mdogo akajibu kwamba Mungu kasamehe dhambi, lakini mahindi ya watu bado yako ghalani kwetu. Tukapeleka. Familia moja ilipokea palepale, mama mwenye nyumba akaita majirani waje washuhudie. Ya pili ilikuwa imehamia Kiteto kutafuta mashamba, ikabidi mtu afunge safari. Ya tatu, mzee mwenye nyumba alikataa katakata: "Aliyekula mahindi yangu ni yeye, siyo ninyi." Tukarudi na magunia. Mwaka uliofuata mvua zilikatika mapema, mkewe akaja mwenyewe kuyachukua, na mzee hakumzuia.

Sikuja kutafuta ugomvi wa dhehebu lipi lina haki. Nataka kusikia yaliyowakuta.

BintiBihawana:

Tumsifu Yesu Kristo. Asante kwa uzi huu, umenigusa pabaya.

Baba yangu alikuwa na nyumba mbili. Mama yangu ndiye wa ndoa ya kanisa. Mama mdogo alikuwa upande wa pili wa kijiji na watoto wanne, na kwa miaka mingi baba hakupokea komunyo. Alipougua figo tukamwita katekista, katekista akamwita padri. Padri alitutoa wote nje akamsikiliza peke yake. Alichokiri hatukijui wala hatutakijua. Akapewa Mpako wa Wagonjwa na komunyo.

Nje nikamsikia dada yangu mkubwa akisema kwa uchungu: "Mama amesali miaka yote, amefunga, amelea. Huyu anakuja dakika ya mwisho na mbingu anaipata ile ile?" Sikumlaumu. Nilimwona mama kibaruani wakati mwanamume yuko kwa mwenzake.

Padri alipotoka hakutuhubiria. Alitufafanulia kwamba kwa mafundisho yetu Wakatoliki, maondoleo ya dhambi yanaifuta hatia, ila majeraha ambayo dhambi imewaachia watu yanataka kutengenezwa: na mwenye kutubu mwenyewe akiweza, na toharani, yaani katika utakaso wa baada ya kifo, akiwa ameshakufa, na sisi tunaomwombea. Kisha akamwambia baba, sasa mbele yetu, "Sema uliloniambia unataka kulisema." Baba akasema shamba la zabibu ligawanywe kwa watoto wote, wa huku na wa kule. Na akamwomba mama msamaha kwa jina lake la usichana, ambalo sisi hatukuwahi kumsikia akilitamka.

Mama alikaa kimya siku nzima. Jioni akamwita mama mdogo waje wamwogeshe mgonjwa pamoja.

Kugawa shamba kulikuwa vita, sitawaficha. Kaka zangu walitaka kwenda baraza la ardhi. Mama ndiye aliyekataa, akasema baba yenu alilitamka hilo akiwa ametoka kuungama, mkilivunja mnamrudisha nyuma. Leo wale wadogo zetu wanavuna mistari yao wenyewe. Kila tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, tunalipia misa moja kwa pamoja, nyumba zote mbili, na mwaka jana dada yangu mkubwa ndiye aliyekusanya michango.

Nkuhungu_Kwetu:

Shalom. Mimi ni mpentekoste na nina upande mwingine wa stori.

Jirani yetu alilazwa ini limeharibika kwa pombe. Tulikwenda na mchungaji, akatubu kwa machozi, akaongozwa sala ya toba, wodi nzima wakasema amina. Akapona. Alikuja ibadani miezi kadhaa, tukamnunulia Biblia. Halafu nikaanza kumwona tena kilabuni anakunywa wanzuki. Alikufa baadaye, ghafla, na hakuna aliyekuwepo kuomba naye.

Tangu hapo nikisikia mtu ametubu kitandani najiuliza: angepona, angebaki? Kwetu tunafundishwa wokovu ni safari, mtu anaweza kuanguka. Yakobo 2:17 inasema imani isipokuwa na matendo imekufa nafsini mwake. Sasa ya yule ilikuwa hai lini?

Mtembelea_Wagonjwa:

Ndugu wa Nkuhungu, swali lako ni zito na silipuuzi. Ninachokuomba ni kitu kimoja: usimpime marehemu mwingine kwa huyo jirani. Aliyekufa saa mbili baada ya kutubu hakupewa miezi ya kuthibitisha, na hakuna aijuaye miezi hiyo isipokuwa Mungu. Halafu ile miezi jirani yenu aliyokuja ibadani, watoto wake walilala bila kupigwa, au sivyo? Hilo nalo lihesabuni.

Nkuhungu_Kwetu:

Ni kweli. Mkewe husema ilikuwa miezi mizuri kuliko yote ya ndoa yao.

MuuguziDom:

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, miaka mingi wodi ya wanaume. Naongea ninayoyaona kazini.

Watu wanadhani mtu anayekufa ana akili timamu mpaka pumzi ya mwisho, anaaga, anatubu, anafumba macho. Wachache sana wanapata hivyo. Wengi siku za mwisho wanalala tu, wamechanganyikiwa, au dawa za maumivu zimewazidia usingizi. Anayesema "nitatubu nikizeeka" ajue hilo. Na ninyi ndugu, kama mgonjwa wenu ameomba padri au mchungaji, mwiteni siku hiyo hiyo. Msingoje "akizidiwa".

Jambo la pili, vikundi vya maombi, nawapenda, lakini msimpigie kelele mtu asiye na uwezo wa kuwajibu. Nimeona mgonjwa anaulizwa kwa sauti kubwa "unampokea Yesu?" naye anatikisa kichwa kwa sababu ya maumivu, watu wakashangilia. Muulizeni polepole, akiwa macho, na akikataa muacheni apumzike.

Usiku mmoja kijana wa kutoka Bahi aliniomba nimbatize. Alikuwa mwanafunzi wa ubatizo kwa Wakatoliki, padri alikuwa mbali. Mimi ni Mlutheri. Nikampigia simu katekista wao, akanielekeza: kwa Wakatoliki, mtu akiwa katika hatari ya kufa yeyote anaweza kumbatiza, mradi ana nia ya kufanya lile Kanisa linalolifanya. Nikammwagia maji kichwani nikisema nakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Alifariki alfajiri. Kabla ya hapo aliniambia anadaiwa nauli na konda wa daladala, nikailipa. Ndiyo kazi njema pekee aliyopata muda wa kuifanya, na aliifanya kwa mkono wangu.

Mrangi_Halisi:

Mimi ni Muislamu wa Kondoa, nasoma tu ila hapa nimeona niseme. Kwetu maiti ikiwa mbele ya watu, kabla ya kuzikwa, msemaji wa familia anauliza: kuna anayemdai marehemu? Ajitokeze, ama asamehe, ama awaone wafiwa. Nimeona watu wakiinua mkono pale pale, na nimeona mtu akisema nimesamehe laki tatu, watu wakalia. Deni linalipwa kabla ya mirathi kugawanywa.

Mtembelea_Wagonjwa:

Ahsante sana, ndugu yangu wa Kondoa. Hilo la kuuliza mbele ya watu nitalipeleka kwa wazee wetu wa kanisa. Kwenye misiba yetu tunasoma wasifu mrefu, na madai yanabaki ya kunong'onezana jikoni.

Mlutheri_Ipagala:

Nyongeza fupi kwa wanaodhani Wakatoliki na Waprotestanti bado wanagombana kama enzi za Luther 1517 na Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa Wakatoliki uliowajibu Waprotestanti. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia saini Tamko la Pamoja kuhusu Kuhesabiwa Haki. Kiini chake: tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika Kristo, wala si kwa stahili yetu, na Roho Mtakatifu anatuwezesha kutenda mema. Wamethodisti waliunga mkono 2006, Waanglikana 2016, Makanisa ya Reformed 2017. Tofauti zimebaki, toharani ni mojawapo. Lakini soma Waefeso 2 mstari wa 8 na wa 9, usiishie hapo, endelea wa 10: tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema.

Kaka_wa_Chamwino:

Nimesoma mpaka hapa nikashindwa kunyamaza.

Mdogo wangu alikuwa Mkatoliki kwa cheti. Aliishi na mwanamke bila ndoa, jumuiya haikumwona, michango hakutoa. Usiku anaondoka alikuwa na mama peke yake. Akamwambia, "Mama, niombee kwa Mungu, nimekosa, na niitie padri kukicha." Hakukukucha kwake. Kanisani tukaambiwa hakuwa anashiriki, hawawezi kumzika. Tulimzika wenyewe na majirani, mzee mmoja wa mtaa akasoma Zaburi ya 23. Mama tangu hapo hasali. Anasema kama Kanisa lilimkataa, na Mungu amemkataa.

BintiBihawana:

Kaka, pole sana, na mpe mama pole. Naomba mnisikilize vizuri.

Kanisa likikataa kumzika mtu halijatoa hukumu kwamba yuko motoni. Hakuna padri mwenye uwezo huo. Na sheria yenyewe ya Kanisa, kanuni ya 1184, inapotaja wanaoweza kunyimwa mazishi inaanza kwa kuwaondoa wale walioonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Mdogo wako aliomba padri aitwe! Hiyo ni dalili, tena kubwa. Je, kuna aliyewaambia hayo pale parokiani, au walisikia tu habari za jumuiya na michango?

Kaka_wa_Chamwino:

Hakuna. Mama alikuwa hawezi kuongea, na sisi wengine hatukujua kama hilo lina maana. Mimi mwenyewe nilikuja kulijua baada ya maziko.

BintiBihawana:

Basi mama aende akamweleze paroko kwa mdomo wake yeye aliyesikia. Mazishi yameshapita, lakini kanuni ya 901 inamruhusu padri kutoa misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au marehemu. Ombeni misa, na muombe padri aje kubariki kaburi. Yule mwanamke aliyeishi naye, ana watoto?

Kaka_wa_Chamwino:

Wawili. Yuko kwa wazazi wake Manchali, tulimwondoa baada ya arobaini.

Mtembelea_Wagonjwa:

Kaka, basi hapo ndipo pa kuanzia, hata kabla ya misa. Watoto wa mdogo wako ni wa kwenu.

Kaka_wa_Chamwino:

Nimemsomea mama uzi wote. Amesema kwa paroko ataenda mwenyewe, hataki nimsemee. Ofisi inafunguliwa Jumatano. Tutapitia Manchali kwanza, amefunga unga na mafuta ya watoto kwenye kikapu, na ananiuliza kama yule mama yao atakubali kukaa naye kanisani benchi moja.