Yule mzee wa stempu wa pale Kabwe AMEILAMBA. Kwa ulimi. Mbele za watu

Kibano_wa_Ilomba (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu, zangu msiulize. Naandika vidole vinatetemeka na wala si baridi ya Mbeya.

Mnamjua. Simtaji jina, mods msije mkanifungia bure, ila mtu yeyote aliyewahi kubadilishana stempu kuanzia Tunduma mpaka Makambako anamjua. Kofia ya pama. Miwani yenye mguu mmoja uliofungwa uzi. Shikamoo yake unaitoa mara mbili kwa sababu ya kwanza huwa hajaisikia. Na katalogi ya Stanley Gibbons, kile kitabu cha Uingereza cha orodha na bei za stempu, haimtoki kwapani, nadhani hata kuoga anaoga nayo.

Leo baada ya ibada tumekutana kwenye kahawa kama kawaida yetu. Mimi mnanijua, sikusanyi stempu za posta. Mimi ni wa zile ambazo posta haikuzitoa: stempu za Krismasi za kuchangia kifua kikuu, lebo za maonyesho, lebo za viberiti, stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama, na zile za visiwa ambavyo mwenye kisiwa aliamka asubuhi akajichapishia zake. Nikafungua albamu, nikamwonyesha Lundy yangu, stempu ya kisiwa kimoja cha Uingereza. Ya nusu puffin (puffin ni ndege wa baharini, hela yao waliipa jina lake), ya waridi, 1929. Gundi yake haijaguswa na kiumbe.

Akaichukua kwa VIDOLE. Kibano kiko mezani, kinamtazama.

Akaigeuza. Akafungua Gibbons yake, akafunga. Akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba: "Hii haifikishi barua hata Chunya."

Watu wakacheka. Nikanyamaza, ni mzee, nimelelewa. Sasa hapo pembeni mtoto wa mama anayeuza maandazi alikuwa analia. Wakuu, yule mzee akaangalia stempu, akaangalia mtoto, AKAILAMBA. Akaibandika kwenye paji la uso la mtoto. Akasema: "Haya, umeshalipiwa, nenda kwa mama."

ALILAMBA. Stempu imepita vita kuu ya dunia haina hata kovu, imevuka bahari, imepanda mlima mpaka huku, imekuja kufia kwenye ulimi uliotoka kunywa kahawa ya tangawizi. Na wala hakuilamba haraka haraka. Aliilamba taratibu, kona kwa kona, kama mtu anayejua anachofanya.

Naombeni ushauri. Ila asinishauri mtu nisamehe.

---

Sinia_la_Maandazi

Mimi nilikuwepo. Mleta uzi umeruka kipande kitamu. Hujasema ulivyomkimbiza mtoto umeshika kibano mkononi, mama yake akadhani unataka kumng'oa jino.

---

Kibano_wa_Ilomba

Sikumkimbiza. Nilimfuata kwa haraka.

---

Mwana_wa_Loleza

😂😂😂 "Nilimfuata kwa haraka." Nimemwaga chai.

Mkuu tuseme ukweli, stempu isiyopeleka barua ni nini? Ni picha yenye meno.

---

Kibano_wa_Ilomba

Wewe ndiye yeye? Maana ndiyo maneno yake hayo. Lundy ilipeleka barua! Posta ya Uingereza iliondoka kisiwani mwishoni mwa 1927, watu wakabaki bila huduma. Martin Coles Harman, aliyekuwa amekinunua kisiwa 1925, akaanza kusafirisha barua mwenyewe, na 1929 akachapisha stempu zake. Puffin moja sawa na peni moja. Ile stempu ililipia safari ya kutoka kisiwani mpaka bara, ikabandikwa nyuma ya bahasha, mbele ikakaa ya mfalme. Kwa hiyo barua ilifika. Chunya sijui, ila Devon, kule bara Uingereza, ilifika.

Na ALILAMBA.

---

Mwana_wa_Loleza

Kwa hiyo mtu ana kisiwa, ana stempu, ana puffin. Hakukamatwa?

---

Kibano_wa_Ilomba

Alishtakiwa kwa SARAFU. Alitengeneza sarafu zenye sura yake, mahakama ikampiga faini. Stempu hawakuzigusa. Serikali ya Uingereza na mahakama zake hawakugusa stempu ya Lundy. Imekuja kuguswa Kabwe. Kwa ulimi.

---

Dada_wa_Gangilonga

Kamwene wote. Mleta uzi pole sana, na mimi huyo mzee ananihusu. Alipokuja Iringa nilimwonyesha stempu zangu za kifua kikuu, akaziita "vocha za wagonjwa". Kwenye meza ya mama yangu. Anakula kuku wa mama yangu.

Na hajui hata historia yake. Zilianza Denmark mwaka 1904. Mfanyakazi wa posta, Einar Holbøll, wa posta kabisa, akiwa anapanga barua za Krismasi akawaza: kila mtu akiongeza kalebo ka senti kidogo pembeni ya stempu halisi, hospitali ya watoto wenye kifua kikuu inajengwa. Ikawa hivyo. Marekani ikafuata 1907, Emily Bissell akauza zake pale Wilmington kwa senti moja moja. Hazikupeleka barua hata moja, sawa. Zilijenga wodi. Yeye Gibbons yake imejenga nini?

---

Sinia_la_Maandazi

Imemjengea kwapa.

---

Babu_wa_Tukuyu

Vijana mnalalamikia lebo. Mimi sikilizeni.

Mwaka 1916 jeshi la Waingereza la Jenerali Northey lilipanda kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, likaiteka Neu Langenburg, ndiyo hii Tukuyu yetu. Askari wakawa wanatumia stempu za Nyasaland zilizopigwa chapa ya N.F. juu, yaani Nyasaland Force, jeshi la Nyasaland. Nilikuwa nayo moja, urithi. Nikampelekea huyo huyo bwana. Akaitazama kwa lensi, akasikitika, akanipa pole: "Mzee mwenzangu, chapa hii ya kughushi." Akanionea huruma akanipa bahasha nzima ya stempu za Ulaya Mashariki, zenye picha za matrekta. Nikashukuru. Ndaga fijo, nikamwambia, tena nikamsindikiza mpaka barabarani.

Siku nyingine nikamtembelea kwake. Albamu ya ngozi, ukurasa wa kwanza kabisa, N.F. yangu. Imewekewa na fremu.

---

Dada_wa_Gangilonga

Babu! Ukamwambia nini?

---

Babu_wa_Tukuyu

Nilimaliza chai kwanza.

---

Kibano_wa_Ilomba

Babu shikamoo, pole kwa hilo, lakini kwa heshima zote N.F. ni stempu ya posta halali, uzi huu ni wa zisizo za posta. Hata hivyo mnaona tabia? Anajua thamani. Ya posta anaiweka kwenye fremu, ya kwangu ANAILAMBA. Alikuwa anajua kabisa kwamba gundi ikiondoka bei imeondoka.

---

Babu_wa_Tukuyu

Mjukuu, mimi nimeibiwa, wewe umelambiwa. Usinifundishe halali.

---

Fundi_Kioo_Mafiati

Swali la kitaalamu: mtoto alinawa uso?

---

Kibano_wa_Ilomba

Mama yake alimfuta kwa kanga yenye maji. Imebaki nusu. Nusu ya nusu puffin.

---

Fundi_Kioo_Mafiati

Basi una bahati hiyo gundi ya zamani huyeyuka kwa maji. Mimi kazi yangu kubandua stika kwenye vioo vya magari. Nenda kwa Usalama ya mwaka jana juu ya mwaka juzi juu ya ile ya kabla. Ile gundi ni kiapo. Nikibandua moja nzima bila kuchanika naihifadhi, nina daftari limejaa, mke wangu anasema nimerogwa. Dereva akikuta kioo kimebaki na utando ananinyima hela. Huyo dereva naye mnamjua, ana Coaster ya kijani, simtaji.

---

Konda_Mstaafu

Ya kijani iliyoandikwa maneno ya Biblia nyuma?

---

Fundi_Kioo_Mafiati

Hiyo hiyo.

---

Konda_Mstaafu

Huyo hata mimi ana deni langu. Alinishusha Mlima Nyoka usiku, mvua, akasema "subiri nageuza". Bado anageuza.

---

Mama_Parachichi_Rungwe

Jamani na mimi nakusanya, msinicheke. Nakusanya stika za matunda. Wanangu wakienda mjini nawaambia kila tunda lenye kistika nileteeni, ndizi, tufaha, zote nabandika kwenye mlango wa kabati. Ila kinachoniuma ni hiki. Parachichi zangu mimi, nimezipanda mimi, zinaondoka Rungwe ziko uchi. Mwanangu aliyeko nje akanitumia picha ya parachichi dukani, limevaa stika nzuri inang'aa, jina la kampuni wala siijui. Huyo mnunuzi aliyekuja shambani kuchambua akanikatalia nusu, eti ndogo, mnamjua, yule wa gari jeupe. Stika hakuniachia hata moja. Nilimwomba! Niliomba kistika kimoja tu cha mlangoni kwangu.

---

Dada_wa_Gangilonga

Mama hiyo imeniuma kuliko ya Lundy.

---

Kibano_wa_Ilomba

Kuliko ya Lundy kivipi? Mama stika yake hakuwa nayo, mimi yangu nilikuwa nayo IKALAMBWA mbele ya macho yangu. Taratibu. Kona kwa kona. Naomba tusipoteze mada.

---

Mwana_wa_Loleza

Mleta uzi usimfokee mama wa watu. Na kona si ni nne tu? Unazungumza utadhani alilamba Ziwa Nyasa.

---

Viazi_Mviringo_Njombe

Afadhali nyie mnalambwa stempu. Sisi tunalambwa viazi. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Dalali anakuja na gunia, anajaza, anashindilia kwa goti, halafu anashonea gunia lingine juu yake linakuwa na kofia. Lumbesa! Analipa bei ya gunia moja. Ukisema anakwambia "mzee ndivyo soko lilivyo". Tena huyo dalali naye ana kofia ya pama, sijui wanagawiwa wapi.

---

Sinia_la_Maandazi

Isije ikawa ni yeye yule yule. Asubuhi analamba stempu, mchana anashona lumbesa.

---

Viazi_Mviringo_Njombe

Wa kwetu ni mfupi.

---

Konda_Mstaafu

Lumbesa nimezipakia sana mimi. Gunia moja la Njombe mlikuwa mnapandisha watu wanne na bado linaguna. Halafu mnasema dalali ndiye anajaza. Wakulima nanyi mnajaza wenyewe gari likiwa halijafika.

---

Viazi_Mviringo_Njombe

Tunajaza kwa sababu asipoliona lina kofia halinunui! Anapita anakwenda kwa jirani. Ungekuwa na viazi vinaota shambani ungefanyaje?

---

Mama_Parachichi_Rungwe

Ungejaza.

---

Kibano_wa_Ilomba

Wakuu, samahani, huu ni uzi wa stempu. Nimeuliza ushauri tangu jioni hakuna aliyenishauri. Jumapili ijayo atakuwepo pale pale. Nikae meza moja naye au nisikae?

---

Babu_wa_Tukuyu

Kaa. Ila ficha albamu, na umwulize kuhusu N.F. mwambie nimekutuma.

---

Fundi_Kioo_Mafiati

Kaa lakini mnunulie kahawa ya moto sana. Akiungua ulimi hatalamba.

---

Kibano_wa_Ilomba

Hilo la mwisho ni zuri kidogo.

---

Dada_wa_Gangilonga

Viazi_Mviringo, hawa watu wa vipimo hawaji huko kwenu? Huku Iringa huwa wanakuja wanapima, magunia yanafunguliwa pale pale.

---

Viazi_Mviringo_Njombe

Wanakuja. Siku wakija dalali haji. Siku dalali akija hawaji. Nadhani wana kalenda moja.

---

Konda_Mstaafu

Kuna siku walilisimamisha gari letu Makambako, wakashusha gunia moja, mzani ukagoma. Sindano ilizunguka ikarudi ilipoanzia.

---

Kibano_wa_Ilomba

Jamani. Alilamba.

---

Viazi_Mviringo_Njombe

Mkuu tumesikia, subiri kidogo. Konda, hilo gari lilikuwa linakwenda Dar au Mbeya? Maana kama ni mwezi ule wa mavuno, yale magunia yalikuwa yangu na hela yake sijalipwa mpaka leo.

---

Konda_Mstaafu

Dar. Coaster haibebi mzigo ule, ilikuwa Fuso. Dereva wake mnamjua.