Naomba ushauri: mi ni polisi, nataka kuwa mwandishi na mchoraji

Wakuu habari za mida hii. Mi ni koplo, mwaka wa 13 huu kazini, nipo Dar. Usiku nikipangwa chaji rumu kukitulia huwa naandika hadithi kwenye kaunta buku, zishajaa tatu, na siku za ofu nachora picha za mtindo wa tingatinga kwenye hadibodi, wife analalamika nyumba nzima inanuka tina. Kachui kamoja nimekauza Mwenge elfu 60. Halafu kuna kitu huwa kinanikaa moyoni, Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alipigwa risasi na polisi 1972 hapahapa Dar, walimdhania mhalifu, afu leo polisi ndo nachora mtindo wake.

Shida iko kwenye hadithi. Nyingi zimetoka kwenye kesi nilizoshika mwenyewe, nimebadili majina na mitaa ila mhusika akisoma atajijua tu, na kuna mbili bado ziko mahakamani. Bosi mmoja aliliona daftari akaniuliza hiyo ripoti unamwandikia nani. Joseph Wambaugh, polisi wa Los Angeles, alitoa riwaya ya kwanza 1971 akiwa bado kazini, akaacha 1974, lakini ile Marekani na vitabu vyake viliuza kinoma, mi nina mkopo wa benki na watoto wawili.

Naombeni mnishauri hasa mliowahi kuvaa gwanda, niombe kibali kwa maandishi, nitumie jina la bandia, au nivumilie mkopo uishe ndo niache kazi? Na hizo mbili za mahakamani nizitoe kabisa?